TIMU ILIYOUZA FAINALI: KISA CHA CHICAGO WHITE SOX





Mwezi uliopita lilitokea jambo madrasani kwetu ambalo limetusumbua sana. Wanafunzi wawili wa darasa la wakubwa walipewa fedha na wazazi wao za kununulia vitabu. Hawakununua vitabu. Walizipeleka kubeti mechi ya mpira, na zikaliwa zote. Tulipofuatilia tukakuta kuwa mwanafunzi wa tatu alijua habari yote tangu mwanzo na alinyamaza. Tulipomwita alilia, akatuambia: “Ustadh, mimi sikula hata senti moja. Kosa langu ni lipi?”

Swali hilo tulilala nalo. Alkhamisi iliyofuata tuliacha kitabu cha Tarekh, tukawasimulia vijana kisa cha timu moja ya Marekani ambayo ndani yake lilikuwemo swali hilo hilo, miaka zaidi ya mia moja iliyopita. Baadhi ya wazazi wameomba tukiandike, na hiki hapa.

TIMU YENYEWE

Besiboli ni mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu. Mrushaji anarusha, mpigaji wa timu ya pili anajaribu kuupiga, na akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne ili kupata pointi. Mechi ina zamu tisa kwa kila timu. Tukumbuke hapa kuwa mrushaji ndiye mwenye mechi mkononi mwake. Akitaka kuiharibu anaweza, na mtazamaji akadhani ni bahati mbaya tu.

Chicago White Sox, yaani Soksi Nyeupe, ni timu ya upande wa kusini wa mji wa Chicago. Ilikuwamo katika ligi iitwayo American League tangu ilipoanza kama ligi kubwa mwaka 1901, na mwenye timu alikuwa Charles Comiskey. Kila mwaka bingwa wa ligi hiyo hukutana na bingwa wa National League katika fainali kuu iitwayo World Series.

Mwaka 1906 White Sox walikutana katika fainali hiyo na majirani zao wa mji huo huo, Chicago Cubs. Cubs walikuwa wameshinda mechi 116 msimu ule, na White Sox walijulikana kwa udhaifu wa kupiga mpira. Watu waliwacheka, lakini White Sox walishinda kwa mechi 4 kwa 2. Mwaka 1917 walitwaa tena, wakiwashinda New York Giants. Hizo ndizo zilikuwa siku zao za fahari.

MWAKA 1919

Mwaka 1919 White Sox waliingia fainali dhidi ya Cincinnati Reds. Watu wengi waliamini kuwa Chicago hawana mpinzani. Walikuwa na mrushaji hodari Eddie Cicotte, na walikuwa na Joe Jackson, mmoja wa wapigaji wakubwa waliopata kutokea katika mchezo huo. Jackson alikuwa mtoto wa maskini wa South Carolina, aliyefanya kazi kiwandani tangu udogo wake, na hakujua kusoma wala kuandika.

Zama zile wacheza kamari walikaa wazi wazi katika hoteli na viwanja, wakazoeana na wachezaji. Mchezaji Chick Gandil na baadhi ya wenzake walikubaliana nao kuwa timu ishindwe kwa makusudi, kwa malipo. Mmoja anayetajwa kuwa nyuma ya fedha hizo ni tajiri wa kamari wa New York, Arnold Rothstein, ambaye hakuwahi kushitakiwa kwa jambo hilo.

Kwa miaka mingi imesimuliwa kuwa wachezaji walifanya hivyo kwa sababu Comiskey alikuwa bahili na aliwalipa kidogo. Lakini watafiti waliochunguza hati za mishahara wamekuta kuwa timu ile ilikuwa miongoni mwa zilizolipa vizuri zaidi katika ligi yake. Basi tusikimbilie kusema umaskini ndio uliowauza. Mara nyingi tamaa huvaa nguo za shida.

MECHI NANE

Mwaka ule bingwa alitakiwa ashinde mechi 5. Usiku wa kabla ya mechi ya kwanza Cicotte alishakuwa na dola 10,000. Tarehe 1 Oktoba 1919, mjini Cincinnati, alimgonga kwa mpira mpigaji wa kwanza wa Reds. Hiyo ilikuwa ishara kwa wacheza kamari kuwa mpango upo. Chicago walifungwa 9 kwa 1. Mechi ya pili ilikuwa ya mrushaji Lefty Williams, naye alikuwa ndani ya mpango. Walifungwa 4 kwa 2.

Mechi ya tatu alipewa Dickey Kerr, mrushaji mfupi wa kimo ambaye huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza katika ligi kubwa. Yeye hakuwa katika mpango. Nyuma yake uwanjani walisimama wenzake waliokwisha kuiuza timu. Kerr akarusha zamu zote tisa bila Reds kupata hata pointi moja, Chicago wakashinda 3 kwa 0. Katika mechi ya sita alishinda tena, 5 kwa 4.

Vijana wetu, tusimame hapa kidogo. Mara ngapi tunasikia mtu akisema, “Wote wanafanya, mimi peke yangu nitabadilisha nini?” Kerr hakuweza kuwazuia wenzake, na timu yake ilishindwa mwishoni. Lakini kazi aliyokabidhiwa aliitimiza, na leo jina lake linatajwa kwa heshima.

Baadaye wapangaji na wacheza kamari walianza kudanganyana wao kwa wao. Fedha zilizoahidiwa hazikuja zote. Cicotte alishinda mechi ya saba, lakini katika mechi ya nane Williams aliondolewa uwanjani kabla hata ya zamu ya kwanza kwisha. Reds wakashinda 10 kwa 5, wakachukua ubingwa kwa mechi 5 kwa 3.

SIRI YAFICHUKA

Mwaka mzima watu walinong’ona. Septemba 1920 baraza la uchunguzi la mahakama lilianza kazi mjini Chicago, na mcheza kamari mmoja, Billy Maharg, akalieleza gazeti la Philadelphia jinsi mpango ulivyokuwa. Siku iliyofuata, tarehe 28 Septemba, Cicotte alikiri. Iliripotiwa kuwa alisema alifanya kwa ajili ya mke na watoto, kwa kuwa alikuwa na deni la shamba. Jackson naye alikiri siku ile ile kuwa alipokea dola 5,000, ingawa hadi kufa kwake mwaka 1951 alishikilia kuwa alicheza kwa kutaka kushinda. Rekodi inaonyesha alipiga vizuri sana katika fainali ile. Lakini fedha alizipokea.

Akina baba, tulitafakari neno hilo la Cicotte. Alisema ni kwa ajili ya watoto, na watoto wale ndio waliobaki wakiitwa watoto wa mtu aliyeuza fainali. Deni la shamba hulipika. Jina la baba likichafuka, mtoto hulilipia muda mrefu.

Wakati huo White Sox walikuwa wakigombea tena ubingwa wa ligi yao, zimebaki mechi 3 tu. Comiskey aliwasimamisha watuhumiwa, na timu ikamaliza nafasi ya pili.

HUKUMU

Kesi ilisikilizwa mwaka 1921. Hati za watu kukiri zilipotea katika majalada, na tarehe 2 Agosti 1921 wazee wa baraza waliwaachia wote waliokuwa kizimbani. Wachezaji walishangilia, wakidhani wamepona.

Furaha hiyo haikumaliza hata siku mbili. Wenye timu walikuwa wamemteua Jaji Kenesaw Mountain Landis kuwa kamishna wa kwanza wa besiboli. Tarehe 3 Agosti alitangaza kuwa, liwe liwalo mahakamani, wachezaji wanane hawatacheza tena ligi hizo maisha yao yote.

Kwa ukali huo Landis alirudisha imani ya watu katika mchezo. Lakini tuseme ukweli wote. Katika miaka yake yote ya uongozi, hadi alipofariki mwaka 1944, hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyeruhusiwa katika ligi hizo kubwa. Mtu anaweza kuwa mkali juu ya dhuluma moja akaishi salama na nyingine. White Sox wenyewe walimpata mchezaji wao wa kwanza mweusi mwaka 1951, Minnie Miñoso kutoka Cuba. Tarehe 1 Mei mwaka huo, mara ya kwanza kusimama na gongo akiwa na timu hiyo, aliupiga mpira hadi nje ya uwanja.

BUCK WEAVER: ALIYEJUA AKANYAMAZA

Sasa turudi kwa wale wanane, kwa maana mmoja wao ndiye sababu ya makala hii. Anaitwa Buck Weaver. Aliketi na wenzake mpango ulipozungumzwa, lakini hakuchukua hata dola moja. Katika mechi zote nane alicheza kwa nguvu zake zote, akapiga vizuri, na hakufanya kosa hata moja la ulinzi. Kosa lake lilikuwa moja tu: alijua, na hakusema.

Landis alimfungia sawasawa na wenzake. Weaver aliomba kurudishwa tena na tena, na kila mara alikataliwa. Aliendelea kuishi Chicago, mji ule ule wa timu yake, na akafariki huko mwaka 1956 bila kusamehewa. Ilipofika Mei 2025, kamishna Rob Manfred alitangaza kuwa adhabu ya maisha inakwisha mtu anapokufa. Ndipo majina ya Weaver, Jackson na wenzao yalipotolewa katika orodha ya waliofungiwa. Weaver alikuwa kaburini karibu miaka 70.

MIAKA 88

Baada ya 1917 timu ile ilikaa muda mrefu bila kutwaa ubingwa. Mwaka 1959 walifika fainali kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa aibu, wakafungwa na Los Angeles Dodgers. Walisubiri hadi mwaka 2005. Mwaka huo, wakiongozwa na kocha Ozzie Guillén wa Venezuela, waliwafunga Houston Astros mechi 4 kwa 0. Katika mechi ya pili mchezaji Scott Podsednik, ambaye msimu mzima wa kawaida hakuwahi kuupeleka mpira nje ya uwanja, aliupeleka nje na kumaliza mechi. Tarehe 26 Oktoba 2005 ubingwa ulirudi Chicago baada ya miaka 88. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1917 alikuwa mzee wa miaka 88.

Na kamari je, ilikwisha? Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliondoa sheria iliyozuia majimbo kuruhusu kubeti michezo, na kubeti kukaenea. Mwaka 2024 mchezaji mmoja wa ligi hizo alifungiwa maisha kwa kubeti mechi, zikiwemo za timu yake mwenyewe. Zamani mcheza kamari alilazimika kwenda hotelini kumtafuta mchezaji. Sasa kamari yenyewe inamfuata kijana kitandani kwake, ndani ya simu.

JIBU LETU

Hukumu ya kamari tunaijua. Suuratul Maaidah, aya ya 90, imeitaja pamoja na ulevi na kutuamuru tujiepushe nayo. Lakini mwanafunzi wetu hakuuliza kuhusu kamari. Aliuliza kuhusu kunyamaza. Katika Suuratul Baqarah, aya ya 283, tumekatazwa kuficha ushahidi, na imeelezwa kuwa anayeuficha moyo wake umeingia dhambini. Aya haikutaja kama amekula au hakula.

Tulimwambia hivi: “Mwanangu, kosa lako ni kwamba ulikuwa mtu pekee aliyeweza kuwaokoa rafiki zako kabla fedha hazijaliwa. Ulidhani unawasitiri, kumbe umewaacha wazame.” Akainamisha kichwa. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: “Basi Ustadh, na mimi nitafungiwa kama Weaver?”

Hapana. Hapo ndipo tunapoachana na Landis. Yeye alikuwa na mlango mmoja tu, wa kutokea. Sisi tumefundishwa kuwa mlango wa toba haufungwi maadamu mtu yu hai, na mwalimu hana haki ya kuufunga. Vijana wote watatu wamerudi darasani. Wale wawili wanarudisha fedha za wazazi kidogo kidogo kwa kazi za mikono baada ya masomo. Huyu wa tatu aliomba mwenyewe awasaidie kulipa, na wazazi wake wameridhia.

Na sisi walimu tumejiuliza pia. Kijana aliogopa kutuambia, maana alitazamia fimbo kabla ya kusikilizwa. Wazazi wenzetu, tuwafundishe watoto kusema, lakini na sisi tujifunze kuwa watu wanaoweza kuambiwa.

Allah atuhifadhie vijana wetu na atujaalie kuwa wakweli katika amana tulizopewa. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.