Nyika Ilipofika Baharini

Kwetu pwani, neno nyika lina mahali pake. Ukitoka Mombasa ukapita Mazeras na Mariakani, minazi ikakuaga, iliyo mbele yako ndiyo nyika: miiba, vumbi jekundu, na maji ya kutafuta. Watu wa mjini waliwaita majirani zao wa upande huo Wanyika, na Krapf, mmisionari aliyefungua kituo Rabai mwaka 1846, akalitia jina hilo vitabuni. Lilikaa huko hadi Wamijikenda wenyewe walipolikataa.

Kwa hiyo nilipokuwa mwanafunzi Kwale, tukatangaziwa kwamba Jumamosi kuna mbio za nyika, nilidhani tutapakiwa kwenye lori tupelekwe nyika ya Taru. Kumbe ni kwenye mikorosho nyuma ya shule. Tulikimbia peku, tukifuata matawi yaliyochomekwa ardhini, na pale palipokuwa na kijito tuliambiwa tuvuke, tusitafute daraja. Nilimaliza katikati ya kundi nikiwa na mwiba kisiginoni. Baadaye, nilipokuwa mwalimu Likoni na kupewa kazi ya michezo kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka, nikajua ule ulikuwa mchezo wa shule za Uingereza za karne ya 19. Wavulana wawili walitangulia wakimwaga vipande vya karatasi, hao ndio sungura. Wenzao walifuata alama, hao ndio mbwa. Mwaka 1903 England, Scotland, Wales na Ireland zikashindana kwa mara ya kwanza, na mwaka 1973, huko Waregem, Ubelgiji, yakawa mashindano ya dunia.

Yaliyofuata Mkenya yeyote wa umri wangu anayajua. Mwaka 1986 askari John Ngugi alishinda Uswisi, na taji la timu ya wanaume likakaa Kenya hadi 2003, miaka 18 bila kukatika. Ngugi alishinda mara tano. Paul Tergat naye mara tano, kuanzia 1995 hadi 1999. Nilipenda kuwafundisha watoto hesabu kwa mashindano ya Auckland ya 1988. Wa kwanza hupata pointi 1, wa pili 2, na wakati huo timu ilijumlisha nafasi za watu wake sita, mwenye jumla ndogo akashinda. Jumla ndogo kabisa iliyowezekana ilikuwa 21. Kenya ilipata 23. Nawauliza: vipi? Wanakuna vichwa. Ni kwamba katika tisa wa kwanza wanane walikuwa Wakenya, na Mwethiopia mmoja alikuwa amejipenyeza nafasi ya tano.

Katika majina yote hayo sikuwahi kusikia la mtu wa Likoni. Wakimbiaji wetu wametoka juu, Iten, Kaptagat, Nyahururu, kwenye hewa nyepesi na baridi ya asubuhi. Vijana wangu wa pwani wakipanda bara kushindana walirudi wakikohoa njia nzima, na mimi nikaandika ripoti ya kumfurahisha mwalimu mkuu.

Ndiyo maana niliposikia kwamba mbio za nyika za dunia za 2007 zitafanyika Mombasa, nilicheka. Afrika ilikuwa imeziandaa mara tatu tu, Rabat mwaka 1975, Stellenbosch mwaka 1996 na Marrakech mwaka 1998. Sasa zinakuja kwetu, tena mwezi wa Machi! Anayekaa pwani anaijua Machi. Kaskazi imechoka, kusi haijaingia, bahari imelala kama mafuta kwenye sahani. Ni maleleji, na joto halina pa kwenda.

Jumamosi, tarehe 24, nilivuka kwa feri na wanafunzi kumi na wawili. Uwanja wa gofu, ambako mbio zilifanyika, uko juu ya majabali, kando ya Mama Ngina Drive, na meli zinazoingia Kilindini hupita chini yako karibu hivi kwamba unaona mabaharia wameegemea reli. Siku za kawaida watu wetu huja upande wa barabara kula mihogo na kuangalia maji. Ndani ya uwanja ni kwa wenye magari. Siku hiyo tuliingia. Kina mama walijipepea kwa pembe za leso. Muuza madafu ninayemfahamu alikuwa amesimamisha mkokoteni chini ya mbuyu, panga halimtulii mkononi.

"Mwalimu," akaniambia, "hawa wabara leo watapikika."

"Wamezoea kazi."

"Kazi wamezoea. Hili joto je?"

Njia ilikuwa mzunguko wa kilomita mbili. Vijana walianza, na Asbel Kiprop, mwenye miaka 17, mrefu kama mlingoti, akashinda mbio zake. Kwa wasichana akashinda Linet Masai. Watu wakapiga vigelegele. Kwa kina mama aliyefika wa kwanza, akimwacha Tirunesh Dibaba wa Ethiopia, alikuwa Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akikimbilia Uholanzi. Makofi yalikuwepo, lakini yalikuwa makofi ya harusi ya binti aliyeolewa mbali. Mzee mmoja karibu yangu akauliza dhahabu ile inahesabiwa wapi. Hakuna aliyemjibu.

Kisha wanaume, mizunguko sita. Aliyekuja kutazamwa na wengi alikuwa Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye tangu 2002 alishinda mbio fupi na ndefu kila mwaka, mataji kumi kwa jumla. Mbio fupi zilikuwa zimefutwa. Safari hii alikuwa na taji moja tu la kutafuta. Wakipita mbele yetu nilikuwa natazama fulana. Mzunguko wa pili zilikuwa zimeshalowa, wa nne zimeganda mwilini. Walianza kupungua. Mtu anaonekana yumo, wakirudi hayumo. Unamwona baadaye amekaa kwenye nyasi, kichwa katikati ya magoti.

Mzunguko wa mwisho ukatujia na Zersenay Tadese wa Eritrea, peke yake. Bekele alikuwa ameacha. Bekele! Uwanja ulishangilia, na sikupenda, kwani sisi tuliokaa tu vivulini tulikuwa tunatweta. Moses Mosop akaleta fedha na Bernard Kipyego shaba, Kenya ikachukua taji la timu, na Eritrea ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia wa mbio za nyika. Muuza madafu alikuwa ameuza yote na kubaki na makumbi. Alinitazama tu, akanyamaza, na kwake yeye huko ni kujisifu.

Sidhani kama joto peke yake ndilo lililoamua, maana Tadese naye ni mtu wa nyanda za juu na jua lilikuwa lile lile. Bekele mwenyewe mwaka uliofuata alikwenda Edinburgh, akashinda.

Jumatatu niliwachorea watoto mzunguko kwa chokaa kuzunguka kiwanja cha shule, ukiwakwepa mbuzi wa jirani. Kila mmoja akajichagulia jina. Watatu wakawa Tadese, wakagombana. Wengine Mosop, Kiprop, msichana mmoja akasema yeye ni Lornah na atakimbilia Likoni. Mmoja tu alitaka kuwa Bekele. Nilipomuuliza kwa nini, akanionyesha mwembe.

"Si yeye alipumzika, mwalimu?"