Kaburi la Mfalme Childeric: Mfranki au Mrumi?

Tarehe 27 Mei mwaka 1653, katika mji wa Tournai, ambao leo u katika nchi ya Ubelgiji, mwashi mmoja jina lake Adrien Quinquin alikuwa akichimba karibu na kanisa la Saint-Brice, akafikia dhahabu. Mtu huyo alikuwa kiziwi, tena bubu. Basi aliyeyaona mambo haya kwanza hakuweza kuyasimulia. Zilitoka ardhini sarafu za dhahabu zaidi ya mia moja, na za fedha kama mia mbili. Upanga uliopambwa kwa vito vyekundu, mkuki, shoka, kikuku kinene cha dhahabu, na vidude vidogo vya dhahabu vyenye umbo la nyuki (wengine husema ni nyenje), kama 300. Vitu vilitolewa kwa haraka, wala hakuna aliyeandika kila kimoja kilikuwa kimelala wapi.

Hata hivyo kitu kimoja kilijieleza chenyewe. Kilikuwa pete ya muhuri, imechorwa maneno mawili ya Kilatini, CHILDERICI REGIS, yaani, “ya mfalme Childeric”. Huyu ni baba yake Clovis, naye alikufa mwaka 481 au 482. Makaburi ya zama zile za kuhamahama kwa mataifa ni mengi, lakini yaliyo na jina la mtu ni machache mno. Ndiyo maana wataalamu hurudi kwenye kaburi hili tena na tena.

Na tuitazame pete hiyo, kwani wapenzi wa lugha watapata la kutafakari. Jina ni la Kijerumani cha kale. Cheo ni cha Kilatini. Na sarufi yake ni ya Kilatini pia. Sura iliyochorwa ina nywele ndefu ziangukazo mabegani, kama ilivyokuwa desturi ya wafalme wa Wafranki, lakini mavazi ni deraya na joho la jemadari wa Kirumi. Mtu huyu alipotia muhuri barua zake alijionyesha kuwa wote wawili kwa pamoja, wala hakuona haya.

Joho lake lilifungwa begani kwa bizimu la dhahabu la namna waliyovaa maofisa wakubwa wa Dola ya Rumi. Mwaka 1889, huko Apahida katika Romania ya leo, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Tournai, lilipatikana kaburi la mkuu mwingine wa karne hiyo hiyo, aitwaye Omharus, naye alikuwa na bizimu la dhahabu linalofanana sana na lile, na pete yenye jina lake na alama ya msalaba. Wataalamu wengi humhesabu kuwa Mgepidi. Wakuu wawili wa mataifa mawili, na vazi moja! Tukihukumu kwa bizimu tu, tungesema wote wawili ni Warumi.

Hapa ndipo palipo na kosa ambalo vitabu vingi vya shule vililirithi. Mjerumani Gustaf Kossinna (1858–1931) alifundisha kwamba mahali popote vionekanapo vitu vya namna moja ndani ya mpaka ulio wazi, hapo lilikaa taifa moja. Kwa fundisho hilo ramani zikajaa mishale, kila mshale taifa zima likitembea na vyungu vyake. Baadaye Wanazi walilitumia kudai nchi za watu wengine. Warumi nao walikuwa na neno moja la kuwafunika wageni wote, barbari, kama vile watu wa pwani walivyowaita watu wa bara washenzi. Na neno la namna hiyo hueleza zaidi juu ya mwenye kulisema kuliko juu ya mwenye kuitwa.

Sasa twende upande wa pili wa mfalme wetu. Kazi ya kupanga vipande vya garneti, vile vito vyekundu, ndani ya vyumba vidogo vya dhahabu ilipendwa sana katika nchi za mto Danube, walikotawala Wahunni mpaka Attila alipokufa mwaka 453. (Naandika Wahunni, msomaji asije akawachanganya na wahuni wa lugha yetu.) Uchunguzi wa vito vya namna hii umeonyesha kwamba vingi vilitoka India na Sri Lanka, vikavuka bahari hii hii ya Hindi. Tena katika miaka ya 1980 wachimbuzi, wakiongozwa na Raymond Brulet, walipata karibu na kaburi mashimo matatu yenye farasi 21 waliozikwa wakati ule ule. Mazishi hayo hayakuwa ya Kirumi hata kidogo. Gregory, askofu wa Tours, aliyeandika katika karne ya sita, asema kwamba Childeric aliwahi kukaa uhamishoni miaka minane kwa Wathuringi, ambao kwao kuzika farasi kulikuwa desturi. Labda huko ndiko alikojifunza, au labda mkewe Basina, aliyetoka huko, ndiye aliyetaka. Mimi naona inatosha kusema kwamba waliomzika walichagua, na walichagua kutoka pande nyingi.

Mwanawe Clovis alibatizwa na askofu Remigius, na alipokufa mwaka 511 alizikwa ndani ya kanisa mjini Paris. Kutoka farasi hadi kanisa ni kizazi kimoja tu.

Ama ile hazina, ilipelekwa Vienna, kisha mwaka 1665 ikapewa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa. Napoleon aliwapenda wale nyuki, akawatia katika joho lake la kutawazwa mwaka 1804. Usiku wa tarehe 5 Novemba 1831 wezi waliingia katika maktaba ya Paris wakaiiba, na sehemu kubwa wakaiyeyusha. Baadhi ya vitu viliopolewa katika mto Seine. Pete haikuonekana tena. Twaijua kwa sababu Jean-Jacques Chifflet, tabibu wa liwali wa nchi ile, alichapisha kitabu chenye picha za vitu hivyo mwaka 1655. Nyuki waliosalia ni wawili.