Vibali vya Uwindaji Tanzania Bara: Masharti ya Sheria na Wajibu wa Mwananchi

Mnyamapori anayeingia katika shamba au zizi la mwananchi hageuki kuwa mali ya mwenye shamba. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1974, wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuwinda, kutega au kukamata mnyamapori wa aina iliyoorodheshwa na sheria hutakiwa kupata kibali kwanza. Kibali kinachoombwa baada ya mnyama kuuawa hakimsaidii aliyeua.

Sheria hii inatumika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na taasisi zake zinazosimamia misitu na wanyamapori.

Maana ya uwindaji

Uwindaji kisheria hauishii kwenye kufyatua risasi. Kitendo chochote kinacholenga moja kwa moja kuua au kukamata mnyama ni uwindaji. Anayetandaza nyaya kwenye mapito ya swala, anayechimba shimo kandokando ya shamba ili mnyama atumbukie na anayefukuza mnyama kwa mbwa, wote wanahesabiwa kuwa wanawinda hata kama hawajapata chochote.

Aina za vibali

Uwindaji wa kitalii hufanywa na wageni kupitia kampuni zilizomilikishwa vitalu vya uwindaji. Msimu wake huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 31 Machi ya mwaka unaofuata. Mwindaji wa kitalii huongozwa na mwindaji bingwa mwenye leseni, na askari au afisa wa wanyamapori huwepo wakati wa uwindaji. Baadhi ya wanyama wana masharti ya ziada: simba anayewindwa ni dume tu, mwenye umri usiopungua miaka 6, na chui ni dume pekee.

Uwindaji wa wenyeji ni wa raia na wakazi wa nchini. Maombi huanzia kwa afisa wanyamapori wa wilaya au katika ofisi za Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Leseni hutaja jina la mwenye kibali, aina na idadi ya wanyama, eneo na muda. Haihamishiki kwa mtu mwingine, hata awe ndugu wa damu. Mwindaji huibeba porini, huandika kila mnyama aliyeuawa na kuirejesha muda unapokwisha. Ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Mwananchi asimkabidhi mtu yeyote fedha taslimu kwa ahadi ya kumpatia kibali.

Kibali cha kukamata wanyama hai kinajitegemea, na leseni ya kuwinda haiwezi kutumika badala yake. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi.

Aidha, sheria inazitambua jamii ambazo maisha yake yamefungamana na uwindaji, kama Wahadzabe wa Bonde la Eyasi, na kuziwekea utaratibu wake.

Leseni ya silaha ni jambo jingine kabisa. Silaha humilikiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayosimamiwa na Jeshi la Polisi. Mwenye bunduki halali asiye na leseni ya uwindaji haruhusiwi kuwinda, na mwenye leseni ya uwindaji haruhusiwi kutumia bunduki isiyosajiliwa.

Maeneo

Uwindaji hauruhusiwi ndani ya Hifadhi za Taifa wala katika eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Unaweza kuruhusiwa katika mapori ya akiba, mapori tengefu, Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori zilizoanzishwa na vijiji, na maeneo ya wazi, kila mahali kwa masharti yake.

Hadhi ya eneo hubadilika. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba Selous ilipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Taifa Nyerere. Mwaka huohuo mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika mkoani Kagera nayo yalifanywa kuwa hifadhi za taifa. Aliyewahi kuwinda kihalali katika maeneo hayo hawezi kutegemea mazoea. Inampasa kuuliza upya kabla ya kila msimu.

Njia zilizokatazwa

Sheria inakataza kuwinda kwa sumu, nyaya, mashimo, nyavu, moto, silaha za kufyatua risasi mfululizo, kumfukuza mnyama kwa gari, na kumulika kwa taa usiku, isipokuwa pale kibali maalumu kinapotolewa. Ni marufuku pia kuwinda jike mwenye mimba au mwenye watoto.

Njia hizi zimekatazwa kwa sababu hazichagui. Waya uliotegewa swala hunasa pia twiga, simba au ng'ombe wa jirani. Sumu hudhuru zaidi, kwa kuwa huua wanyama ambao mtegaji hakuwakusudia. Mwaka 2018, jirani na Hifadhi ya Taifa Ruaha, simba 6 na tumbusi 74 walikufa kutokana na mzoga uliotiwa sumu. Tumbusi husafisha mizoga, na wakipungua mizoga huoza karibu na malisho na vyanzo vya maji vinavyotumiwa na watu na mifugo yao.

Mnyama anapovamia zizi au shamba

Wafugaji wengi huuliza kuhusu wanyama wadogo walao nyama. Tanzania ina aina mbili za bweha, yaani bweha wa mgongo mweusi na bweha mwenye mistari ubavuni, pamoja na mnyama aliyezoeleka kuitwa bweha wa rangi ya dhahabu, ambaye wanasayansi sasa humhesabu kuwa spishi ya mbwa mwitu. Wote huweza kuchukua kuku na wanambuzi. Hasara hiyo haimpi mfugaji ruhusa ya kutega sumu au kuwasaka bweha porini. Kinga inayofaa ni zizi lililozungushiwa miiba au waya imara, kuwalaza ndani wanyama wachanga na kutoacha mizoga karibu na makazi.

Hata hivyo, sheria inatambua kuwa mtu anaweza kulazimika kumuua mnyama ili kuokoa maisha au mali iliyo katika hatari wakati huohuo. Utetezi huo haumhusu aliyemchokoza mnyama wala aliyemfuata baada ya hatari kupita. Anayeua katika mazingira hayo hutakiwa kutoa taarifa mapema kwa mamlaka za wanyamapori, na mnyama aliyeuawa, pamoja na nyama na ngozi yake, hubaki kuwa mali ya Serikali. Aliyekuwa na haki ya kujitetea anaweza kujikuta mshtakiwa kwa sababu tu aligawa nyama badala ya kutoa taarifa.

Kwa madhara yanayosababishwa na wanyama hatari waliotajwa katika kanuni, Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa kifo au majeraha. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa, na malipo ya mazao yaliyotegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, yasiyozidi ekari 5. Malipo haya hayalingani na hasara na hayakukusudiwa kuwa fidia kamili. Hayatolewi kwa aliyedhurika akifanya shughuli isiyo halali ndani ya hifadhi. Kiwango kinachotumika siku ya tukio huulizwa wilayani.

Nyara na adhabu

Nyara za Serikali si pembe za ndovu pekee. Nyama, ngozi, mifupa, kwato, mayai na manyoya ya mnyamapori ni nyara, hata kama mnyama aliokotwa akiwa amekufa. Kupatikana na nyara bila kibali ni kosa, na pale thamani inapovuka kiwango kilichowekwa, kifungo huanzia miaka 20 na kinaweza kufikia miaka 30. Mashauri ya aina hiyo huendeshwa kama uhujumu uchumi.

Anayehitaji nyamapori kwa kitoweo ananunua katika bucha lililosajiliwa chini ya utaratibu ulioanzishwa mwaka 2020, na anapaswa kutunza risiti yake.

Taarifa za mnyama aliyevamia makazi, mtego ulioonekana porini au nyama inayouzwa kwa siri zitolewe kwa mtendaji wa kijiji, afisa wanyamapori wa wilaya, kituo cha TAWA kilicho karibu au kituo cha Polisi. Anayedai kifuta jasho asiondoe ushahidi wa uharibifu kabla ya tathmini kufanyika.