Menyu ni ya nani?

Wadau, wengi wetu tukiwasha kompyuta tunaikubali menyu kama tulivyoikuta. Kwenye Linux watu wamegombana kwa ajili yake.

Matthias Ettrich alianzisha KDE nchini Ujerumani mwaka 1996. Mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena, wote wa Mexico, wakaanzisha GNOME. Kila upande ukapanga menyu kivyake, kwa hiyo programu iliyotengenezwa kwa ajili ya huku ingeweza isionekane kule. Mwaka 2000 Havoc Pennington akaanzisha freedesktop.org ili pande hizo zikae meza moja. Walichokubaliana ni rahisi ajabu: kila programu ije na faili dogo la maandishi, jina lake likiishia na .desktop, linalotaja jina la programu, picha yake na kundi lake. Linakili kwenye folda yako ya ~/.local/share/applications, ongeza mstari wa Name[sw]=Kikokotoo, na kompyuta iliyowekwa lugha ya Kiswahili itakuonyesha Kikokotoo. Humwombi mtu ruhusa. (Mimi nilianza kwa kuficha michezo, NoDisplay=true, maana mhariri alikuwa na tabia ya kupita nyuma yangu.)

Aprili 2011 GNOME 3 ikatoka bila menyu ile ya zamani. Kelele zilizopigwa! Wengi walinung'unika tu, ila mtumiaji mmoja wa Argentina alichukua GNOME 2 iliyokuwa inaachwa, akaiendeleza kwa jina la MATE, kinywaji cha kwao. Menyu ya zamani bado imo, juu kushoto.