Tarehe ya Miche ya Tishu na Haki ya Tumbaku

Hii ni habari ya miche ya tishu, ile inayokuzwa maabara ndani ya chupa, pasipo mbegu wala udongo, tangu ilipoanza hadi ilipofikia vichaka vya maua vinavyopamba nyua za watu. Naiandika nikiwa Mpanda, mkoani Katavi, kwa sababu lipo dai linalorudiwarudiwa na wasomi kwamba mzee wa kazi hii ni karoti, na wengine humtaja okidi. Mzee wa kazi hii ni tumbaku, na nasaba yake ndiyo hii.

Mgeni atashangaa mmea kupewa kiti cha babu. Sisi wa huku hatushangai. Wazee wametuambia kwamba Katabi, mwindaji aliyeliachia jina ziwa, kisha hifadhi, kisha mkoa mzima mwaka 2012, roho yake inakaa ndani ya mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na wenye haja ya baraka bado huweka sadaka zao shinani. Nchi inayojua kuusalimu mkwaju haishindwi kuiheshimu tumbaku.

Gottlieb Haberlandt wa Austria ndiye aliyeandika mwaka 1902 kwamba seli moja ya mmea ina uwezo wa kuwa mmea kamili. Alijaribu, hakupata. Ilipofika mwaka 1939 watu watatu, kila mmoja kwake, walifaulu kuifanya tishu iendelee kukua chupani bila kikomo: Gautheret na Nobécourt huko Ufaransa kwa karoti, na Philip White huko Marekani kwa tumbaku chotara. Hapo ndipo penye ugomvi. Wenye karoti hujivunia kwamba tangazo la Gautheret lilitangulia. Sawa, lilitangulia. Lakini karoti ile ilikua ikawa donge, ikabaki donge. Tumbaku ya White, mwaka huohuo, ilipozamishwa kwenye chakula cha majimaji ilitoa vichipukizi vyenye majani. Sasa mwenye haki akate shauri: mzazi ni nani, aliyevimba au aliyechipua?

Baada ya White kiti kilihamia Chuo Kikuu cha Wisconsin, kwa Folke Skoog. Huyu alizaliwa Sweden, na miguu yake ilikuwa na sifa kama kichwa chake, kwani mwaka 1932 aliiwakilisha Sweden katika mbio za mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Los Angeles. Kwake walitoka watu wawili wa kukumbukwa.

Wa kwanza ni Carlos Miller, na habari yake ni ya ajabu. Alikuwa akitafuta kitu kitakachozifanya seli za tumbaku zigawanyike. Akatoa kabatini chupa kuukuu ya DNA iliyotolewa kwenye manii ya samaki aina ya heringi, akaitia kwenye chakula, na tumbaku ikashtuka ikakua. Ilipokwisha wakaagiza mpya, nayo haikufanya kitu. Kumbe nguvu ilikuwa katika ukuukuu! Ile mpya ilipopikwa kwa mvuke wa shinikizo ikawa sawa na kuukuu. Ndivyo kinetini, kile kitu alichokuwa akikitafuta, ilivyopatikana mwaka 1955. Miaka miwili baadaye Skoog na Miller wakatoa sheria inayofuatwa hadi leo: homoni ya oksini ikizidi, tishu hutoa mizizi, kinetini ikizidi, hutoa machipukizi, zikilingana, hubaki donge. Sheria hiyo iliandikwa juu ya tumbaku.

Wa pili ni Toshio Murashige, mzaliwa wa Hawaii. Alikuwa akisaka homoni mpya katika maji ya majani ya tumbaku, akakuta sehemu kubwa ya nguvu ile imetokana na chumvi za kawaida zilizomo ndani ya jani. Basi yeye na Skoog wakazipanga chumvi hizo kwa vipimo, wakachapisha mwaka 1962. Ukiingia maabara ya tishu popote duniani ukasikia watu wanasema "MS", wanawataja hao wawili, na chakula chao ni chakula cha tumbaku.

Wengine niwataje: Morel aliiondolea dalia virusi mwaka 1952, akazidisha okidi mwaka 1960. Steward alipata karoti nzima mwaka 1958. Anderson alizidisha rododendroni mwaka 1975.

Vichaka vya maua vilikuwa vigumu, maana shina lenye uti wa mti hukataa chumvi nyingi. Tena ukilikata hutoa maji meusi yanayochafua chupa nzima na kuua ncha uliyoipanda. Dawa ilitoka Wisconsin ileile. Mwaka 1980 Lloyd na McCown walipunguza chumvi, hasa za amonia, wakakipa chakula hicho kichaka kiitwacho Kalmia, ambacho vipandikizi vyake vya kawaida vilikuwa vikigoma kutoa mizizi. Kikakubali. Kwa hiyo hata vichaka ni wajukuu wa nyumba ya tumbaku.

Hapa nisimame niseme la Usambara, maana linaniuma. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, bwana mkubwa wa Wajerumani pale Tanga, alichukua ua dogo la zambarau la milimani akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Leo linazidishwa kwa majani na kwa chupa, linauzwa madirishani Ulaya na Marekani, na jina ni la aliyelichukua. Wenyeji waliolijua kabla yake hawakutajwa. Ndiyo maana nasema tarehe ziandikwe na wenye mali.

Turudi kwetu. Katika vituo vya utafiti wa kilimo, Mikocheni wana maabara ya tishu, Uyole wanazalisha viazi, Tengeru migomba, Mlingano mkonge. Katavi tuna mikono. Gramu moja ya mbegu ya tumbaku ina mbegu zaidi ya 10,000, laini kama vumbi, na watu wa Katumba, makazi yaliyoanza 1973, na Mishamo, yaliyoanza 1978, wameziotesha kitaluni chini ya nyasi, wakizinywesha kwa keni bila kuzisomba. Wiki za mwisho hupunguza nyasi na maji ili mche ukomae kabla ya kwenda shamba. Kazi hiyohiyo ndiyo inayowashinda wengi wa maabara. Mche ukitoka chupani jani lake halina nta ya kutosha kuzuia maji yasipotee, mizizi yake haijauonja udongo, na ukiutoa juani siku hiyo umekufa. Lazima ufunikwe, uzoeshwe unyevu mdogo kidogo kidogo. Mkulima wa tumbaku hana haja ya kufundishwa subira hiyo.

Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) ipo mkoani mwetu. Nadai maabara ya tishu ijengwe hapo, mawaridi, bogenivilia na vichaka vya mapambo vya Mpanda vitoke hapo, na vitalu vya kuizoesha miche wapewe watu wa Katumba na Mishamo. Na chupa ya kwanza kuwekwa rafuni iwe ya tumbaku. Ndiyo rahisi kuliko zote kumfundishia mwanafunzi, na ndiyo mwenye nyumba.