Viunga vya Jiji la Tanga

Viunga vya Tanga ni maeneo ya makazi yanayouzunguka mji wa kale wa Tanga, kwenye pwani ya kaskazini mwa Tanzania, ndani ya mipaka ya Halmashauri ya Jiji la Tanga. Upande wa kaskazini maeneo hayo yanafika Amboni, Mabokweni na rasi ya Chongoleani. Upande wa magharibi yanafuata reli na barabara kuu kupitia Kange hadi Maweni na Pongwe. Upande wa kusini yako kandokando ya njia ya Pangani hadi Marungu na Tongoni. Baadhi yake ni vijiji vya wavuvi vyenye umri mkubwa kuliko mji wenyewe. Mengine yalikuwa mashamba ya mkonge ambayo yameanza kujengwa nyumba katika miongo ya karibuni.

Katika sensa ya mwaka 2002 wilaya ya Tanga ilikuwa na wakazi 243,580. Mwaka 2012 walihesabiwa 273,332, na mwaka 2022 walikuwa 393,429. Maana yake ni kwamba miaka kumi ya kwanza ilileta ongezeko la takriban asilimia 12 tu, lakini miaka kumi iliyofuata ilileta takriban asilimia 44. Mji wa kale umebanwa kati ya bahari na reli, na mitaa ya Ngamiani imejaa tangu zamani. Kwa hiyo wanaotafuta kiwanja hutoka nje.

Historia

Kabla ya mji

Makazi makubwa ya kale katika eneo la jiji hayakuwa mahali ulipo mji leo. Huko Tongoni, kilomita zisizopungua 15 kusini mwa katikati ya jiji, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya mawe zaidi ya 40, mengine yenye nguzo, kutoka nyakati ambazo miji ya Waswahili ilifanya biashara kuvuka Bahari ya Hindi. Sehemu hiyo ya pwani iliitwa Mtang'ata, na jina hilo limebaki katika Kimtang'ata, lahaja ya Kiswahili inayosemwa kusini mwa Tanga kuelekea Pangani. Wareno wa Vasco da Gama waliijua mapema. Meli yao São Rafael ilikwama kwenye mafungu ya karibu na hapo Aprili 1498. Waliporudi kutoka Uhindi mnamo Januari 1499, mabaharia wengi wakiwa wamekufa, waliichoma moto kwa sababu hawakuwa tena na watu wa kutosha kuiendesha.

Ndani ya hori la Tanga kwenyewe kuna kisiwa kidogo chenye magofu ya misikiti na makaburi, ambacho Wajerumani walikiita Toten, yaani kisiwa cha wafu. Kwenye bara walikaa Wadigo na Wasegeju, na nyuma yao, kuelekea milima ya Usambara, Wabondei na Wasambaa. Katika karne ya 19 Tanga ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar aliyewakilishwa na liwali. Misafara ya pembe za ndovu iliondoka hapa kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, ingawa Pangani jirani ilikuwa bandari mashuhuri zaidi kwa biashara hiyo.

Reli na Ngamiani

Mabadiliko yalikuja baada ya Wajerumani kuvunja upinzani wa watu wa pwani uliojulikana kwa jina la Abushiri, na kuushika mji mwaka 1889. Shule ya serikali ilifunguliwa Tanga mnamo 1892. Mwaka uliofuata ilianza kujengwa hapa reli ya kwanza ya koloni, ile ya Usambara. Ilifika Muheza mwaka 1896, ikasimama miaka kadhaa kwa kukosa fedha, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Tangu hapo Tanga ikaipita Pangani moja kwa moja, kwa kuwa mizigo ya bara ilishuka kwa garimoshi.

Reli hiyo iliukata mji pia. Upande wa bahari zilibaki ofisi, maghala, maduka makubwa na nyumba za Wazungu kuelekea Ras Kazone. Upande wa pili wa reli ulipimwa mtaa wa Waafrika, Ngamiani, jina lenye maana ya mahali pa ngamia. Barabara zake zilinyooshwa kama mistari ya daftari na kupewa namba badala ya majina, na mpaka leo mwenyeji wa Tanga humwelekeza mgeni kwa kusema barabara ya nane au barabara ya kumi na mbili. Kiutawala Ngamiani sasa ni kata tatu: Kaskazini, Kati na Kusini. Wakati ule ilikuwa ukingo wa mji. Leo inahesabiwa kuwa katikati yake.

Mwezi Novemba 1914 mji ulikuwa uwanja wa vita. Waingereza waliteremsha askari takriban 8,000, wengi wao kutoka Uhindi, kwenye rasi ya Ras Kazone. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, lenye takriban watu 1,000 ambao wengi wao walikuwa askari Waafrika, liliwazuia na kuwarudisha baharini. Makundi ya nyuki waliokasirishwa na risasi yaliwashambulia wapiganaji, na kwa sababu hiyo vita hivyo hukumbukwa pia kama vita vya nyuki. Waingereza waliingia Tanga Julai 1916.

Ukanda wa mkonge

Mkonge uliletwa na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani. Kati ya miche 1,000 iliyotumwa ilisalimika 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache ulitokea ukanda wa mashamba makubwa uliouzunguka mji wa Tanga karibu kila upande wa bara: Amboni, Kange, Pongwe, Marungu na mengine mengi kufuata reli. Wenye mashamba walikuwa Wajerumani, Waswisi, Waingereza, Wahindi na Wagiriki. Mmoja wa Wagiriki hao, Galanos, jina lake bado liko katika shule ya sekondari na katika chemchemi za maji moto yenye kiberiti karibu na Amboni.

Wenyeji wengi wa pwani hawakupenda kazi ya kukata mkonge kwa ujira uliotolewa, kwa hiyo wafanyakazi walitafutwa mbali. Waliajiriwa kwa mkataba na kuitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alitambulika kwa namba yake. Kuanzia mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kilikuwa na ofisi maalumu ya kuwakusanya, iliyojulikana kama SILABU. Walitoka Kigoma, Songea, Singida na Njombe, na nje ya nchi kutoka Msumbiji, Rwanda na Burundi. Waliwekwa katika kambi ndani ya mashamba, wakitegemewa kurudi kwao mkataba ukiisha. Wengi hawakurudi. Msemo unaojulikana nchini kuhusu Tanga, „waja leo, waondoka leo“, haukuwahusu watu hawa: wajukuu wao ni sehemu kubwa ya wakazi wa viunga, na kambi kadhaa zimekuwa mitaa ya kawaida.

Mjini kwenyewe makuli wa bandari waligoma mwaka 1939, katika mwaka uleule ambao wenzao wa Dar es Salaam waligoma. Bandari ilikuwa mlango wa kutolea mkonge, na mkonge ulikuwa mali kuu ya Tanganyika.

Miaka ya kukwama

Katika sensa ya 1967 Tanga, ikiwa na watu takriban 61,000, ilikuwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania Bara baada ya Dar es Salaam. Katika sensa ya 1978 Mwanza ilikuwa tayari imeipita. Sababu zilikusanyika ndani ya muda mfupi. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilitoa tani zaidi ya 200,000 za mkonge kwa mwaka, lakini kamba za plastiki ziliangusha bei duniani. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa. Mwaka 1971 yalitaifishwa pia majengo makubwa ya kupangisha, na familia nyingi za Wahindi zikahama.

Serikali ilijaribu kuziba pengo kwa viwanda: mbolea, chuma, na saruji huko Pongwe kuanzia 1980. Kiwanda cha mbolea kilifungwa. Cha saruji kinaendelea. Wakati huohuo mashamba mengi ya mkonge yaligeuka vichaka. Hapo ndipo ulipoanza mgogoro ambao viunga bado vinaishi nao. Ardhi ilikuwa na hati ya shamba, lakini aliyeilima kwa miaka ni mkazi wa kambi au wa kijiji jirani, aliyepanda mihogo na minazi bila karatasi yoyote. Jiji linapohitaji viwanja, pande zote mbili huwa na madai.

Viunga vya leo

Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Mipaka yake inazidi sana eneo lililojengwa, na mtu anaweza kupita mashamba na mikoko kwa muda mrefu akiwa bado ndani ya jiji.

Kange ni mfano wa wazi wa mabadiliko. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilihamishiwa huko kutoka mjini, na pamoja nayo zikaja nyumba za kulala wageni, maduka na vijiwe vya bodaboda na bajaji, kwa sababu abiria anayeshuka Kange bado ana safari ya kufika anakokwenda. Kati ya Kange na mji wa kale kuna mitaa ya umri wa kati kama Mikanjuni, Nguvumali, Makorora na Mwanzange. Pongwe na Maweni (jina lenyewe linasema mahali pa mawe) hutegemea mwamba wa chokaa, malighafi ya saruji. Mwamba huohuo ndio uliochongwa na maji na kufanya mapango ya Amboni, takriban kilomita 8 kutoka mjini kwenye barabara ya Mombasa.

Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ni jambo linalomshangaza mgeni katika viunga hivi. Wafugaji wadogo, wengine wenye ng'ombe wawili au watatu nyuma ya nyumba, hupeleka maziwa kwenye vituo vya ushirika, na kiwanda cha Tanga Fresh, kilichoanzishwa miaka ya 1990 kwa ubia wa vyama hivyo na Waholanzi, huyasindika na kuyauza hadi Dar es Salaam.

Maji ya bomba hutoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, ambao chanzo chake ni misitu ya Amani katika Usambara Mashariki. Mtandao uliotosha mji wa kale hautoshi makazi mapya. Mwaka 2024 mamlaka ya maji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya kupanua huduma, njia ambayo mamlaka za maji nchini hazikuwa zimeitumia kabla.

Chongoleani

Badiliko kubwa kuliko yote liko ng'ambo ya hori. Chongoleani ni rasi ya wavuvi na wakulima wa minazi inayoonekana kutoka Tanga mjini, lakini kwa barabara mtu hulazimika kuzunguka kupitia Mabokweni. Tarehe 5 Agosti 2017 marais John Magufuli na Yoweri Museveni waliweka huko jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, na hupashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda ni mazito na huganda. Mwisho wake ni matangi na gati la kupakilia meli.

Wenye mashamba yaliyochukuliwa walilipwa fidia. Mvuvi hana hati ya bahari, na kwa hiyo suala lake ni gumu zaidi: eneo la gati na meli za mafuta ni eneo alilozoea kutega. Mradi umepingwa pia na wanamazingira, na Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa. Serikali za Uganda na Tanzania zilikataa hoja hizo. Bei ya ardhi pembezoni mwa njia ya Chongoleani haikusubiri mjadala huo uishe. Bandari ya Tanga nayo imepanuliwa: zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikashushwa kwa matishari, sasa kuna gati la mita 450 lenye kina cha mita 13.

Kusini

Upande wa kusini umekua polepole zaidi. Mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, inayoanzia karibu na Tanga na kwenda kusini, baada ya wavuvi wa eneo hili kuanza kuwanasa samaki hao wa kale katika nyavu za maji ya kina. Ghuba ya Mwambani, iliyomo katika eneo hilo, iliwahi kupendekezwa kuwa mahali pa bandari mpya.

Watu na utamaduni

Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa wengi, pamoja na Kidigo, Kibondei, Kisambaa na Kizigua. Wengi ni Waislamu. Kanisa Katoliki lina jimbo la Tanga tangu mwaka 1958. Katika miaka ya 1960 na 1970 mji ulivuma kwa muziki wa dansi wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na kwa taarabu ya Black Star na Lucky Star. Katika soka wakazi wamegawanyika kati ya African Sports na Coastal Union, iliyokuwa bingwa wa nchi mwaka 1988; zote mbili hutumia uwanja wa Mkwakwani.

Mwandishi Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alifariki mwaka 1962, na kaburi lake liko Machui, kwenye njia ya Pangani.