Jagina wa Vibonzo: Kutoka Visasili vya Kigiriki Hadi Kibera na Kawangware

Tunapofundisha mighani huwa tunawaorodheshea wanafunzi sifa za jagina: huzaliwa kwa njia isiyo ya kawaida, huwa na nguvu kupita kiasi, huwa na siri ya uhai wake, na aghalabu husalitiwa na mtu wa karibu. Orodha hii inafaa mtihani. Hata hivyo, haigusi maswali ya msingi: jagina huyo aliandikwa na nani, katika lugha gani, kwa gharama ya nani, na alimfikiaje msomaji? Makala haya yanadhamiria kuichunguza historia hiyo ya uchapishaji kwa kuwazingatia wasomaji wetu wa mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1941, mwanasaikolojia Mmarekani William Moulton Marston na mchoraji H. G. Peter walimtoa Wonder Woman katika toleo la nane la jarida la All Star Comics, lililouzwa kwa senti 10. Mhusika huyu alichotwa katika visasili vya Kigiriki: mama yake, malkia wa Waamazoni, alimfinyanga kwa udongo na miungu ikamtia uhai. Mwaka 1942 alipata jarida lake mwenyewe. George Pérez alimsuka upya mwaka 1987, na mwaka 2011 asili yake ikabadilishwa akawa binti wa Zeus. Yaani kisasili hakikutulia kilipotiwa katika maandishi. Kila kizazi cha wachapishaji kilikifinyanga upya kulingana na wasomaji wake.

Sisi nasi tunaye Fumo Liyongo. Edward Steere alichapisha hadithi yake katika Swahili Tales, London, mwaka 1870. Muhammad Kijuma wa Lamu akaandika utendi wake mwaka 1913. Wagiriki walisimulia juu ya Achilles, ambaye silaha hazikumdhuru ila kisiginoni. Waswahili walisimulia juu ya Liyongo, ambaye hakufa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, tena mkononi mwa mwanawe. Ulinganifu huu tumezoea kuutaja darasani. Tusilolitaja ni kwamba hati nyingi za Kijuma ziliandikwa kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu. Kutoka mikononi mwao Liyongo alihamia vyuoni, kisha katika vitabu vya shule. Njia hii ilimhifadhi, lakini pia ilimfungia ndani ya silabasi.

Je, vibonzo vya Kenya vilimtendeaje jagina? Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa mijini walimsoma Lance Spearman, mpambanaji wa wahalifu aliyesimuliwa kwa picha zilizopigwa kwa kamera katika majarida ya kampuni ya Drum. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, ambalo mhusika wake mkuu alikuwa mtu wa kawaida wa Nairobi anayejichekea ili asilie. Jarida hilo lilidumu hadi 1979. Katika miaka ya 1980 Hirst alishiriki katika mfululizo wa Pichadithia wa kampuni ya Kul Graphics, uliochora hadithi za fasihi simulizi, miongoni mwazo ile ya Lwanda Magere, jagina wa Waluo ambaye nguvu zake zilikuwa kivulini. Baadaye Frank Odoi, mchoraji mzaliwa wa Ghana aliyeishi Nairobi hadi alipofariki mwaka 2012, alimbuni Akokhan, jagina mwenye nguvu za kiajabu aliyetokana na visasili vya Kiafrika.

Tazama sasa lugha. Spearman, Magere wa Pichadithia na Akokhan wote waliwafikia Wakenya kwa Kiingereza. Kwa miongo mingi mhusika wa vibonzo aliyezungumza Kiswahili kila siku alikuwa Juha Kalulu wa Edward Gitau, katika gazeti la Taifa Leo. Juha ni mhusika mwenye mvuto mkubwa, na kejeli yake ina mafunzo. Lakini mgawanyo huo una maana: jagina alipewa Kiingereza, juha akapewa Kiswahili. Mtoto aliyekulia Kawangware alijifunza bila kuambiwa ni lugha gani ya nguvu na ni lugha gani ya kuchekesha.

Mabadiliko yalikuja mwezi Februari 2010, kampuni ya Well Told Story ilipotoa Shujaaz. Mhusika mkuu ni Boyie, kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, akaunda kituo cha redio cha siri chumbani mwake na kujiita DJ B. Kijitabu kilitolewa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kupitia vibanda vya M-Pesa, ambavyo vimejaa katika vichochoro vya Kibera na Kawangware. Nakala zilizidi nusu milioni kwa mwezi, na mwaka 2012 kazi hiyo ilituzwa Emmy ya kimataifa. Lugha yake ilikuwa Sheng. Mwaka huohuo wa 2010 Katiba mpya ilikifanya Kiswahili lugha rasmi na kuipa tarehe 20 Oktoba jina la Siku ya Mashujaa.

Boyie hana mungu aliyemzaa wala kitovu cha shaba. Nguvu yake ni sauti. Hata hivyo motifu ya siri imebaki. Siri ya Liyongo ni mahali pa mauti yake. Siri ya Boyie ni jina lake. Wenzake hawamjui DJ B ni nani, ila msomaji anajua. Kwa hiyo msomaji hatazami usaliti kwa mbali. Amekabidhiwa siri aitunze. Hapa ndipo ufundi wa kazi hii ulipo, nasi tunaweza kuufundisha.

Tusisahau kuhakiki upande wa pili. Kitu cha bure kina mlipaji. Wafadhili waligharamia Shujaaz, na ndiyo maana ndani yake mlikuwa na mafunzo kama vile kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue. Wonder Woman alimtegemea msomaji mwenye senti 10. Boyie alimtegemea mfadhili mwenye ujumbe. Mwanafunzi anapaswa kuuliza lini mhusika anasema yake na lini anasemeshwa.

Wako walimu wanaoikataa Sheng katakata, nami naelewa hofu yao ninaposahihisha insha. Lakini kumnyang'anya mwanafunzi kijitabu hakumpi Kiswahili sanifu. Mpe utendi wa Liyongo na kisa kimoja cha Boyie pamoja. Mwambie alinganishe siri, usaliti na nguvu, kisha amwandike jagina wa mtaa wake kwa Kiswahili sanifu, pamoja na michoro. Juha ameibeba lugha hii peke yake katika vibonzo kwa muda mrefu. Mwanafunzi wa Kibera anaweza kumletea mwenzake.